Taa ya ABS na ya utelezi zimewaka: uanze na waya, kifaa cha simu au mashine ya fundi?

Taa ya ABS, yaani ya mfumo wa breki unaozuia tairi lisijifunge, ikikuwakia Dar es Salaam, unaegesha gari na kabla ya jioni umeshapata fundi mwenye mashine. Ikiwaka kati ya Kaliua na Uvinza, na gari lenyewe ni Coaster iliyogeuzwa nyumba, lina kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na watoto nyuma, hesabu ni nyingine. Dereva anataka kujua mambo mawili: je, naweza kuendelea na safari? Na nikifika mjini, pesa yangu iende wapi kwanza?

Hilo la pili ndilo linalowaumiza watu huku Tabora na Kigoma. Mtu anaambiwa "hiyo ni sensa", yaani kile kifaa kinachosoma mwendo wa tairi, anaagiza sensa, inakuja na basi, inafungwa, taa iko palepale. Anaambiwa basi itakuwa ya tairi la upande wa pili, anaagiza tena. Taa haikusema sensa imekufa. Imesema kompyuta ya breki imeona jambo ambalo haliko sawa, ikaamua kuzima msaada wake. Ni jambo gani hasa, hilo linajulikana kwa kusoma namba ya hitilafu iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Kuisoma kuna njia tatu anazoweza kuzipata mtu wa huku: kipande cha waya pamoja na mita ya umeme, kifaa kidogo kinachoongea na simu, na mashine kubwa ya fundi umeme wa magari. Ninazilinganisha kwa magari tunayoyaona barabarani: Coaster, Hiace, Noah, Prado, na zile Sprinter zenye vitanda za wageni wanaokuja Kigoma kupanda boti za Gombe na Mahale.

Tazama rangi kabla ya kupima

Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo. Ukikanyaga, gari linasimama. Kilichoondoka ni ule uwezo wa kuzuia tairi lisijifunge ukikanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye maji au changarawe. Unaweza kuendelea, kwa mwendo mdogo, na ukiacha nafasi kubwa mbele yako. Gari-nyumba ni zito na kiti cha juu humfanya dereva asisikie kasi, kwa hiyo nafasi hiyo iwe kubwa kuliko unavyodhani inatosha.

Taa ya utelezi, ile yenye picha ya gari na michirizi miwili nyuma yake, ina tabia mbili. Ikipepesa wakati tairi linateleza, inafanya kazi yake, usiiguse. Ikiwaka moja kwa moja, ama mfumo umezimwa kwa kitufe ama una hitilafu. Angalia kitufe kwanza. Katika magari yaliyojengewa makabati na meza, si ajabu mzigo au mkono wa mtoto kukibonyeza bila mtu kujua.

Nyekundu ni habari nyingine kabisa. Inaweza kuwa hendibreki haijashuka yote, au mafuta ya breki yamepungua. Ikija pamoja na taa ya ABS, kuna uwezekano ule mgawanyo wa nguvu za breki kati ya tairi za mbele na za nyuma nao umepotea, maana kompyuta ndiyo inayougawa. Hapo tairi za nyuma zinaweza kujifunga mapema na gari likageuka ubavu. Simama. Fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama ya MIN, chungulia ndani ya tairi zote nne kama kuna unyevu unaong'aa, kisha kanyaga breki ukiwa umesimama: pedeli ikizama polepole hadi chini, gari hilo haliendi popote ila kwa kuvutwa. Pedeli ikiwa ngumu na hakuna uvujaji, mara nyingi ni pedi zimeisha, na mafuta yameshuka kwa sababu pistoni zimetoka nje kuzifuata. Ongeza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini au ya gia, hata tone, hapana. Yanavimbisha mipira yote ya mfumo na utalipa mara kumi.

Kwa wenye Fuso iliyojengewa chumba na yenye breki za upepo: taa au kengele ya upepo kushuka haina mjadala. Subiri geji ipande. Isipopanda, tafuta bomba linalovuja.

Kuna jambo moja ambalo madereva wengi wa Toyota hawajawahi kuambiwa. Taa ya injini, ya VSC na ya TRC (hizi mbili ni za kizuia utelezi) zikiwaka zote kwa pamoja, mara nyingi breki hazina tatizo lolote. Injini imepata hitilafu yake, labda plagi haichomi au sensa ya eksozi imechoka, na kompyuta ya injini imeiambia ya breki isitegemee tena kupunguza nguvu za injini. Kizuia utelezi kinajizima kwa sababu kimekosa mshirika. Upande wa breki itaandikwa C1201, maana yake "kaulize injini". Mtu anayeanza kufungua tairi hapo anapoteza siku nzima.

Waya mfupi na mita

Njia hii ni ya Toyota za miaka ya 1990 na 2000, ambazo huku ndizo nyingi. Chini ya usukani kuna soketi yenye matundu 16. Ukiwa umezima swichi, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, kisha unawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS inaanza kupepesa. Ikipepesa haraka na sawasawa bila kituo, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31: tairi la mbele kulia. 32 ni la mbele kushoto, 33 la nyuma kulia, 34 la nyuma kushoto. 41 ni umeme wa betri uko chini. Taa nyingine za dashibodi zinaweza kupepesa namba zao wakati huohuo, wewe kazia macho ya ABS. Toyota za zamani zaidi zina kisanduku cha kupimia ndani ya boneti chenye herufi, na hapo unaunganisha Tc na E1.

Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Waya ukiteleza ukagusa hapo, fyuzi inaungua ukiwa na bahati, na kompyuta inaungua ukiwa huna. Hesabu matundu mara mbili, kwa tochi, na usifanye gizani kando ya barabara ukiwa umechoka.

Ukishajua ni tairi lipi, mita inamaliza kazi. Sensa za zamani ni koili yenye waya mbili. Ichomoe kwenye soketi yake, pima ukinzani: nyingi zinaonyesha kati ya omu 800 na 2,000. Mita isiposoma kitu, koili au waya wake umekatika. Ikisoma vizuri, weka mita kwenye volti za AC, nyanyua tairi kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Lazima volti ndogo ionekane ikipanda na kushuka. Isipoonekana wakati koili ni nzima, chungulia pete ya meno, ile inayozunguka na tairi mbele ya sensa, na uwazi kati yake na sensa, ambao kwa kawaida ni kama milimita moja tu.

Sensa mpya zaidi hazipimwi hivyo. Zina kifaa cha kielektroniki ndani na zinahitaji umeme kutoka kwenye kompyuta. Ukizipima ukinzani utapata jibu lisilo na maana na utasema imekufa kumbe nzima. Kwa hizo, pima kama umeme unafika kwenye soketi, basi. Zaidi ya hapo waachie wenye mashine.

Gharama ya njia hii ni mita ya bei ya kawaida na uvumilivu. Kwa mtu mwenye Noah au Hiace ya zamani anayesafiri Urambo, Nguruka, Kasulu, sioni kifaa kingine kinachomlipa zaidi.

Kifaa kidogo cha Bluetooth

Hiki ndicho kinachouzwa sana mtandaoni, kile cha ELM327. Unakichomeka kwenye soketi ileile, simu inasoma. Kwa hitilafu za injini ni kizuri kweli, na kwa sababu niliyoeleza juu, hitilafu ya injini ndiyo inayowasha taa ya utelezi kwenye Toyota nyingi. Kwa dakika tano unajua kama uende upande wa plagi au upande wa tairi. Hilo peke yake linarudisha pesa uliyokinunulia.

Kasoro yake ni kwamba vingi, pamoja na programu za bure, husoma namba zinazoanza na P tu, yaani za injini na gia. Za breki huanza na C, na kuzisoma kunahitaji programu inayoijua kampuni iliyotengeneza gari. Kwa hiyo simu ikikwambia "hakuna hitilafu" wakati taa ya ABS inawaka mbele yako, usiamini kwamba gari ni zima. Haikuuliza mahali panapohusika.

Wenye Coaster wasikilize hapa: Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani, na baadhi ya Land Cruiser, zina mfumo wa volti 24. Kifaa kilichotengenezwa kwa volti 12 kinaweza kuungua papo hapo. Soma maandishi ya nyuma yake kabla ya kuchomeka. Kama hayasemi 24, kiache mfukoni.

Mashine ya fundi

Ubora wa mashine kubwa hauko kwenye kusoma namba peke yake. Uko kwenye kuonyesha mwendo wa kila tairi kwa wakati mmoja huku gari likitembea. Fundi anakaa kando yako, unaendesha kilomita 20 kwa saa, na kwenye kioo cha mashine zinaonekana namba nne. Tatu zinasema 20, moja inasema sifuri: hiyo ndiyo. Au moja inasema 20, 20, 3, 20: pete ina ufa, au waya unakatika ukipita kwenye shimo. Au mbili za mbele zinasema 20 na mbili za nyuma 21 na kitu, safari nzima: hapo hakuna sensa mbovu, umefunga tairi za ukubwa tofauti. Hili la tairi ni la kawaida sana kwetu, maana tunanunua za mtumba kwa kinachopatikana. Hakuna waya wala mita itakayokuonyesha hilo kwa uwazi kama mashine.

Mashine pia inaweza kuifundisha upya sensa ya usukani. Baada ya alaimenti, au betri ikichomolewa, baadhi ya magari hupoteza kumbukumbu ya usukani ulionyooka, taa ya utelezi inawaka, na hakuna kilichoharibika. Inawekwa sifuri, imekwisha. Na ukibadilisha pampu ya ABS, magari mengi yanahitaji mashine ili kutoa hewa iliyobaki ndani yake.

Udhaifu wake ni umbali na mtu. Mashine ikiwa mkononi mwa asiyejua kuisoma ni sawa na hakuna. Ukifika, mwambie kwa heshima: "Fundi, naomba usifute kwanza, nipige picha namba." Namba ikifutwa kabla ya kuandikwa, ushahidi umekwenda, na taa itarudi ukiwa umeshavuka Malagarasi. Na ukisikia "C0210, weka sensa ya nyuma kulia", muulize ameona nini kwenye mwendo wa tairi. Namba hiyo inasema ishara ya nyuma kulia ina tatizo. Ishara inapita kwenye pete, sensa, soketi na waya mrefu, na sensa ni mmoja tu kati ya hao wanne.

Nani achague ipi

Toyota ya zamani ya volti 12, mwenyewe unajua kushika spana: waya na mita, na mashine uiendee ukikwama. Gari la kuanzia miaka ya 2010, Prado au Harrier au Alphard: kifaa cha Bluetooth kukuambia kama ni injini, kisha moja kwa moja kwa fundi mwenye mashine, wala usijisumbue kupima omu. Coaster ya volti 24: mita kwanza, na fundi anayejua Coaster, hata kama itabidi uandamane na safari nyingine ya kwenda Mwanza au Dar. Sprinter na Ducato za wageni: mashine tu, na iwe inayozungumza na gari hilo. Nimeona mafundi wakijitahidi kwa moyo wote kwenye Sprinter kwa mashine iliyowekewa Toyota, na juhudi ile haikumsaidia mgeni wala fundi.

Kama ni lazima nichague moja ya kuanza nayo kwa mtu asiyejua lolote, nachagua kulipia kipimo cha mashine kabla ya kununua spea yoyote. Ada ya kipimo kwa kawaida ni ndogo kuliko sensa moja mpya.

Gari-nyumba lina magonjwa yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata mafundi wazuri hulisahau. Ukiweka friji, inveta na taa za ndani ukazifunga kwenye betri ileile ya kuwashia injini, asubuhi baada ya kulala njiani betri ni dhaifu. Unawasha, volti zinashuka, kompyuta ya ABS inaona umeme mdogo na inawasha taa. Toyota inaandika C1241. Betri ya volti 12 iliyopumzika inapaswa kuwa karibu 12.6, na injini ikiwaka kati ya 13.8 na 14.5, za volti 24, zidisha mara mbili. Ukipata chini ya hapo, tatua umeme kwanza, tairi usiziguse. Dawa ya kudumu ni betri ya pili kwa ajili ya nyumba, iliyotenganishwa na ya injini kwa rilei.

La pili ni kuchomelea. Vitanda, kerea na matangi hufungwa kwa welding, na umeme wa welding hupita kwenye bodi kutafuta njia ya kurudi. Ukipita kwenye kompyuta ya ABS, umeiua. Betri ichomolewe kabla, na klampu ya ardhi ifungwe karibu kabisa na pale panapochomelewa.

La tatu ni waya ya hendibreki na ya sensa za nyuma kupitishwa vibaya wakati wa kujenga chumba, zikabanwa chini ya tangi la maji. Tangi likijaa, taa inawaka, likiisha, inazima. Ukiona taa inayofuata uzito wa mzigo, lala chini ya gari utazame waya kabla ya kitu kingine.

Kusafisha, mtumba au mpya

Ukishathibitisha ni upande wa tairi fulani, usikimbilie duka. Chomoa sensa, ifute. Ncha yake ni sumaku na inavuta unga wa chuma unaotoka kwenye diski na pedi. Vumbi la kiangazi na udongo mweusi wa mbuga vinaugandisha hadi ishara inafifia. Safisha pia soketi ya waya. Gari lililobeba chumvi ya Uvinza au dagaa wa Kibirizi, soketi hizo hukutwa na kutu ya kijani, na ndiyo hitilafu nzima. Ukikuta sensa imeng'ang'ania kwenye habu kwa kutu, usiivute kwa koleo, itakatika. Ipe mafuta ya kupenyeza na usiku mmoja.

Ikibidi kununua, sensa ya mtumba ya Japani iliyotoka kwenye gari la aina ileile naiamini kuliko mpya ya jina lisilojulikana. Ila ipime kwa mita dukani, kabla ya kulipa, kama ni ya koili. Pampu ya ABS ndiyo ya kuogopa zaidi: ni ghali na mara chache ndiyo mbovu. Usikubali ibadilishwe bila namba inayoitaja yenyewe na bila fyuzi na rilei zake kupimwa.

Na kama taa imewaka siku ileile ulipobadilisha beringi ya tairi, jibu huenda unalo tayari. Beringi nyingi za sasa hazina pete ya meno. Zina utepe wa sumaku uliofichwa ndani ya sili ya upande mmoja. Zikipigwa kinyume, sensa inatazama upande usio na sumaku na haioni chochote milele. Kipande cha karatasi chenye unga laini wa chuma, ukikipitisha juu ya sili zote mbili kabla ya kufunga, kitakuonyesha upande wenye sumaku.

Kuhusu kung'oa fyuzi

Wapo madereva wanaong'oa fyuzi ya ABS makusudi, wakisema kwenye changarawe gari linasimama mbali zaidi likiwa nayo. Kuhusu changarawe wana ukweli: tairi lililojifunga hulundika kokoto mbele yake na lundo hilo husaidia kusimamisha. Lakini tairi lililojifunga halifuati usukani, na gari lenye watu wamelala nyuma ninataka liweze kukwepa. Kwenye tope, kuzima kizuia utelezi kwa kitufe ili tairi zizunguke ujinasue ni sahihi kabisa, ukitoka, kiwashe.

Kibaya zaidi ni kung'oa balbu, au kuiunganisha na taa nyingine ili dashibodi ionekane safi wakati wa kuuza. Ukienda kununua gari, washa swichi bila kuwasha injini na uhesabu taa: ya ABS, ya utelezi na nyekundu ya breki lazima ziwake zenyewe, kisha ya ABS na ya utelezi zizime baada ya sekunde chache. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima. Na ikiwa ya ABS inawaka na kuzima sambamba na taa ya oili, kila mara, mwambie muuzaji mwende pamoja kwa fundi mwenye mashine kabla hamjazungumza bei.